Kiambishi cha Shida

Sauti ile niliitafuta kwanza chini ya kapu. Ilikuwa nyembamba, ya kupanda na kushuka, kama ya kifaranga aliyepotezana na mama yake, nami niliingiwa na hofu kwa sababu kuwafungia vifaranga ilikuwa kazi yangu. Nilipiga magoti, nikafukua nyasi za sakafuni kwa mikono yote miwili, nikainua kapu la kahawa, nikachungulia nyuma ya mtungi. Kadiri nilivyofukua ndivyo sauti ilivyozidi. Bibi alikuwa ameketi karibu na ukuta, viganja juu ya magoti, mabega yamepanda hadi karibu na masikio, akinitazama.

"Unatafuta nini, mwana wange?"

"Kifaranga, Bibi. Analia."

Akacheka, na kicheko kikakatika katikati. "Huyo humpati huko," akasema, akijigonga kifuani kwa vidole viwili. "Huyo analala humu. Njoo umsikilize."

Niliweka sikio langu juu ya kanga yake na kweli alikuwamo. Alilia Bibi alipovuta pumzi, akalia zaidi alipoitoa. Kwa umri ule sikuona ajabu kubwa kwamba kifaranga anaweza kukaa ndani ya mtu. Kilichonitisha ni kwamba alilia bila kuchoka, na mwenyeji wake ndiye aliyechoka.

Naandika haya nikiwa mwanafunzi, katika umri ambao wenzangu wengi tuliokaa nao dawati moja wanalea wajukuu. Baada ya miaka mingi ya kufundisha wauguzi nilirudi chuoni kusomea shahada ya uzamili, na sijutii, ingawa masomo hayo yamenitikisa kwa namna ambayo sikuitarajia. Naandika pia kwa sababu kuna simu ambayo nimeshindwa kuipiga tangu niliporudi kutoka nyumbani Krismasi. Mama yangu ana sauti ileile kifuani. Ninajua la kumwambia ili apate nafuu. Lakini siwezi kumwambia hilo bila kumwambia, papo hapo, jambo kuhusu kifo cha Bibi, mama mkwe wake, ambalo kwa maisha yake yote amelifahamu kwa namna nyingine. Kila ninaposhika simu naipanga sentensi ya kwanza, naipima, naiona ina kasoro, naiweka simu chini.

Nyumba yetu ilikuwa ndani ya kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa, karibu na Kashozi, mahali ambapo kengele ya misheni ilitufikia ikiwa imepita kwenye migomba mingi kiasi kwamba ililainika. Tulikuwa watatu tu, Bibi, Mama na mimi, kwa kuwa Baba alikuwa amekwenda Ngenge, kule Muleba, pamoja na wale waliojitolea kuanzisha kijiji cha ujamaa. Alirudi mara chache, juu ya lori, mwekundu kwa vumbi, na kila aliporudi alituletea maneno mapya: shamba la pamoja, jembe la pamoja, ghala la pamoja. Bibi alimsikiliza kwa heshima, kisha akamwuliza kwa adabu yote ya Kihaya, "Na mke, waitu? Naye ni wa pamoja, au nimtunze mimi?" Baba alikohoa na kuomba maji.

Nyumba hiyo ilikuwa kubwa kuliko za majirani, na kwa sababu hiyo darasa la kisomo cha watu wazima lilifanyika kwetu alasiri. Kwa sababu hiyo pia Mama alikuwa akitandika nyasi mpya mara nyingi zaidi kuliko mwanamke mwingine yeyote niliyemfahamu. Kwa wasiokulia kwetu, ni vema nieleze. Sakafu ya nyumba ya Mhaya haikuachwa tupu. Ilitandikwa nyasi laini zilizokatwa kwenye rweya, yale malisho ya wazi nje ya vibanja, zikaanikwa hadi zikawa na rangi ya chai ya maziwa, zikafungwa mitumba, zikabebwa kichwani hadi nyumbani. Mtu aliketi juu yake, alikula chakula juu yake, alilala kando yake. Mgeni alipoinama kuingia mlangoni, kabla hata ya kusalimia, miguu yake ilikuwa imekwisha kumwambia anavyothaminiwa. Nyasi zilizopondeka na kuwa nyeusi zilimaanisha hatukukutarajia. Nyasi mpya, zinazochakarisha na kunukia jua, zilimaanisha tumekuwa tukikusubiri. Mpaka leo harufu hiyo, kavu na tamu kidogo, ndiyo harufu ninayoiita nyumbani, na katika hili sidhani kama niko peke yangu kati ya watu wa rika langu.

Mama aliolewa kutoka ukoo ambao watu wa kwetu waliudharau kidogo. Sikulijua hilo wakati ule; nililielewa baadaye kutokana na yale ambayo shangazi zangu waliyasema nusu. Bibi peke yake ndiye aliyemtetea, na Mama alimlipa kwa njia aliyoijua. Alikata nyasi zake mwenyewe. Alikwenda mbali zaidi, hadi penye majani membamba, na alipotandika alianzia daima mahali pa Bibi, akazirundika pale mara mbili ya kwingineko.

"Ongeza hapa, mkwe," Bibi alikuwa akisema, akipapasa. "Hapa mfupa unauliza habari."

Na Mama aliongeza.

Darasani Bibi alikuwa mwanafunzi mkaidi mwenye bidii. Aliposoma kwa sauti, kifaranga alisoma naye. Ma Veronika, jirani yetu, ambaye ulimi wake haukujua likizo, alimwambia mwalimu, "Bibi huyu anasoma kwa filimbi. Sisi wengine tutasoma kwa nini?"

"Wewe soma kwa mdomo," Bibi akajibu bila kuinua macho. "Unao wa kutosha."

Kifua kilipombana sana, alitafuna kahawa. Alikuwa na kikapu kidogo cha buni zilizochemshwa na majani na kukaushwa, zile tunazowapa wageni mkononi kabla ya mazungumzo, na mimi ndiye niliyetumwa kukileta. Alitafuna polepole, akifumba macho, na baada ya muda mabega yalishuka kidogo. Nilikuja kusoma, miaka mingi baadaye, kwamba kahawa hulegeza njia za hewa kwa kiasi fulani. Niliposoma hivyo nilifunga kitabu, kwa furaha na kwa uchungu ambao siwezi kuutenganisha na furaha hiyo.

Siku moja kahawa haikutosha, na Mama na mimi tukamsindikiza hadi zahanati ya misheni. Sista aliyekuwa pale alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu, kisha akamwambia msaidizi wake neno moja: dispnea. Nililipenda mara moja. Mama alipokuwa akimfunga Bibi kanga, nikamsogelea Sista.

"Sista, ndilo jina la kifaranga?"

Aliponielewa, alicheka, kisha akainama akanijibu kama mtu mzima, jambo ambalo watu wazima hawakuwa wakinifanyia. "Ni Kigiriki. Ni vipande viwili vilivyounganishwa. Hiki cha nyuma, pnea, ni kupumua. Hiki cha mbele, dis, ni shida, ni ugumu. Bibi yako anapumua kwa shida."

"Kwa hiyo kifaranga ndiye dis?"

"Tuseme hivyo."

"Akitoka?"

"Akitoka, inabaki kupumua."

Alitupatia vidonge vidogo vyeupe, na akamwagiza Mama amtoe Bibi jikoni, mbali na moshi, na amkinge na baridi. Hakuwahi kuingia nyumbani kwetu. Alisema alichokijua, na alichokisema kilikuwa sahihi. Njiani nililigawa neno lile mara nyingi kichwani, kama mtu anayemenya ndizi: toa dis, inabaki pnea. Nilikuwa nimeelewa Kigiriki chote.

Mama alitii agizo kwa moyo wake wote. Alimhamisha Bibi kutoka penye mafiga na kumweka chumba cha mbele, na kwa kuwa pale hapakuwa na joto la moto, alimtandikia nyasi nene kuliko zote nilizowahi kuziona. Habari zikaenea kwamba Bibi hajiwezi. Watu wakaanza kuja kumjulia hali, na wageni, hasa wageni wa mgonjwa, hawapokelewi juu ya nyasi za jana. Kwa hiyo Mama alikata zaidi. Nilikwenda naye rweya, nikarudi na mtumba wangu mdogo kichwani, vumbi likiniingia shingoni. Tulipozimwaga na kuzitawanya, chumba kilijaa ukungu wa dhahabu kwenye mwanga wa mlangoni, nami niliona ni kitu kizuri mno. Bibi aliketi katikati ya uzuri huo. Kifaranga alilia kwa nguvu. Kadiri alivyozidiwa, ndivyo wageni walivyoongezeka, na kadiri wageni walivyoongezeka, ndivyo tulivyotandika.

Kisha, adhuhuri moja, kifaranga akanyamaza.

Nilikuwa nimeketi kando yake nikichambua maharage. Nilisubiri alie tena, hakulia. Nikaweka sikio kifuani. Bibi alikuwa macho, ametulia, kifua kikipanda na kushuka kidogo sana, haraka haraka, bila sauti yoyote. Alinitazama kama mtu anayetaka kusema neno na anaona neno lenyewe ni zito. Nikaruka, nikakimbia hadi kwenye migomba alikokuwa Mama.

"Ametoka! Mama, dis ametoka! Bibi amepona!"

Mama aliingia mbio, akasikiliza, akapiga goti. Naye aliufurahia ukimya ule. Ma Veronika, aliyekuwa akipita, aliingia akasema, "Afadhali, filimbi imezibwa mdomo na Mungu mwenyewe kabla yangu," akamshika Bibi mkono kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake. Mama akatoka kwenda kuleta nyasi mpya, zile bora alizoziweka akiba kwa ajili ya Pasaka. Alipozitandika, Bibi aliinua kiganja kidogo akazipapasa. Jua lilipokuwa bado juu, alikuwa amekwisha kufariki.

Kwenye msiba watu walisema mengi kuhusu Mama. Baba, aliyefika kutoka Ngenge akiwa amechelewa, aliambiwa na wazee wa ukoo wake mbele ya watu wote kwamba kweli ameoa mke. Ma Veronika alisema, "Mkwe huyu kamtunza mama mpaka mwisho. Kafia juu ya nyasi mpya." Shangazi zangu waliitikia. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyetaja tena ukoo aliotoka Mama. Sentensi ile ya Ma Veronika, kafia juu ya nyasi mpya, nimeisikia Mama akiirudia maishani mwake kama mwingine anavyorudia sala. Baba ametangulia, watoto tumetawanyika, sentensi imebaki naye.

Mwaka jana, katika wodi tunayofanyia mazoezi, aliletwa mwanamume mwenye pumu. Alipiga mluzi kifuani kiasi cha kusikika mlangoni. Tulikuwa tukisubiri dawa ifanye kazi, mara mluzi ukakoma, na mwenzangu mmoja akashusha pumzi, "Afadhali, ametulia." Mhadhiri wetu alikuwa amekwisha kumfikia mgonjwa na anaita watu. Baadaye, mgonjwa alipokuwa ameokoka, alitukusanya akatueleza kwa utulivu wa kuogofya: mluzi ni hewa inayopita mahali pembamba. Mluzi ukikoma bila mgonjwa kupata nafuu, si kwamba njia imefunguka. Ni kwamba hewa inayopita haitoshi hata kupiga mluzi. Kifua kimya ndicho cha kukimbilia. Kisha akamwuliza mke wa mgonjwa wanalalia nini nyumbani, na mwanamke akasema godoro la majani makavu, na mhadhiri akaanza kueleza habari ya vumbi lake.

Nilitoka nje. Niliona mwanga wa mlangoni na ukungu wa dhahabu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikichunguza kiambishi kile cha dis kuliko mtaala unavyonidai. Wagiriki wa kale walikiweka mwanzoni mwa maneno ya maradhi, na vilevile mwanzoni mwa maneno ya bahati mbaya na ya hasira. Kina ndugu Uajemi, katika neno dushman, adui, yaani mwenye nia mbaya. Kina kinyume chake, eu, wema, ambacho tulikitamka kila Jumapili huko Kashozi bila kukijua, kwa kuwa ndicho kilichojificha mwanzoni mwa Ekaristi. Lakini kilichonishika zaidi ni jambo moja: katika Kigiriki dis haikuwahi kuwa neno la kusimama peke yake. Ilihitaji kitu cha kushikamana nacho. Shida ilikuwa lazima iwe shida ya jambo fulani, na jambo hilo liwe bado linafanyika. Kwa kitu kisichokuwapo kabisa Wagiriki walikuwa na kiambishi kingine, a, kifupi kama mlango unaofungwa. Dispnea ni kupumua kwa shida. Apnea ni kutopumua. Mtoto aliyekuwa akikimbia kwenye migomba aliamini kwamba ukiondoa dis inabaki pumzi. Hakujua kwamba dis inaweza kuondoka kwa sababu pumzi yenyewe inaondoka, na kwamba kilio cha kifaranga, siku zote zile, kilikuwa ndiyo habari njema.

Nikiwa na mzigo huo nilikwenda nyumbani Krismasi. Mama alinipokea mlangoni. Nyumba sasa ina bati na saruji, lakini chumba cha mbele alikuwa amekitandika nyasi mpya, kwa heshima yangu, kwa mikono yake. Tulipokumbatiana nilimsikia kifaranga. Niliketi juu ya nyasi zile, nikala, nikacheka, nikamsikiliza akiongea na kupumua, na wifi yangu, mke wa mdogo wangu wa kiume anayeishi nyumba ya jirani, akaniambia pembeni kwamba kifua humjia mara tu wageni wanapotarajiwa. "Tunadhani ni furaha," alisema. Nilipanda basi nikaondoka.

Leo alasiri, nilipokuwa nimefika hapa katika kuandika, niliketi kwenye benchi nje ya maktaba nikapiga.

"Haloo! Nani?" Mama hupaza sauti kwenye simu kama anayeita ng'ambo ya bonde.

"Ni mimi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwana wange. Umekula?"

"Nimekula. Mama, nina jambo…"

"Vizuri umepiga. Pasaka unakuja? Nimemwambia wifi yako tukakate nyasi mapema, kabla mvua haijaziharibu."

Sentensi zangu zote zilizopimwa zikatawanyika. "Usikate, Mama."

"Kwa nini? Huji?"

"Nakuja. Lakini nyasi ndizo zinazokubana kifua. Vumbi lake. Nilikisikia Krismasi. Ni kile kifaranga cha Bibi."

Kukawa kimya. Nimekwisha kueleza ukimya ni nini kwangu. Niliibana simu sikioni hadi ikaniumiza, nisisikie kitu, kisha nikasikia: mluzi mwembamba, unapanda, unashuka.

"Kwa hiyo Bibi yako," akasema polepole. "Zile nilizomtandikia mimi."

Nilikuwa nimeandaa majibu mawili, na moja halikuwa la kweli. "Ndiyo, Mama. Zilichangia. Pamoja na moshi, na uzee. Hakuna aliyejua. Hata Sista hakujua."

Mluzi. Mluzi tena.

"Alikuwa akiniambia, 'Ongeza hapa, mkwe.' Kila siku. 'Ongeza hapa.'"

"Nakumbuka. Alizipenda."

"Alizipenda," akarudia, taratibu, kama anayejaribu sentensi mpya kuona kama itambeba. Halafu sauti yake ikarudi ile ya kuvuka bonde. "Sasa ukija utakaa juu ya nini?"

"Kwenye kiti, Mama."

"Kiti ni cha mgeni wa serikali. Wewe ni mtoto wa nyumba hii."

"Basi mkeka."

"Mkeka," alisema, kwa dharau ambayo hakuna mkeka uliowahi kuistahili. Nikasikia kishindo kidogo, kisha mchakacho mrefu, wa kufagia.

"Mama, unafanya nini?"

"Si umesema ziondoke?"

"Usifagie wewe! Acha ufagio. Toka nje kabisa, mwite wifi afagie yeye, na kesho asubuhi akupeleke hospitali."

"Unapiga kelele kama Ma Veronika," akasema, akacheka, na kicheko kikakatika katikati. Ndani ya pengo hilo niliisikia pumzi ikivutwa, kwa shida, ikaingia. Nikangoja ya pili. Ikaingia.

Nikamwomba asikate simu mpaka awe nje. Nilisikia nyayo zake zikichakarisha nyasi, hatua fupi fupi, akinung'unika kitu kuhusu watoto waliosoma. Kisha nyayo zikaacha kuchakarisha, zikaendelea juu ya udongo wa nje.